Mkono wa Kioo Haukatiki Bure

"Fundi, nibadilishie mkono wa kioo tu, nawahi mzigo." Kauli hii naisikia mara kwa mara, na anayeitoa mara nyingi ni dereva wa Hilux ya miaka ya 1990, pikapu ambayo injini yake bado ni nzima na chesisi imenyooka. Mkono mpya ni wa bei ndogo na unafungwa kwa dakika moja. Miezi michache baadaye dereva yuleyule anarudi, mkono umekatika palepale.

Kilichomrudisha ni kioo. Kimekuwa kizito, na uzito huo hautaondoka hata ukimfungia mikono kumi.

Mashine ya kioo ni kitu chepesi kuelewa. Ukizungusha mkono, kigia kidogo kinasukuma bamba la chuma lenye meno, lililokatwa kama kipande cha chapati. Bamba hilo limeshikana na mkono mrefu wa chuma, na kwenye pikapu nyingi za Kijapani mikono hiyo ni miwili, imekatizana kama mkasi. Ncha zake zina vigurudumu vinavyoteleza kwenye reli iliyoshika ukingo wa chini wa kioo. Mkasi ukisimama, kioo kinapanda, ukilala, kinashuka. Pembeni ipo springi iliyoviringwa, inasaidia kubeba uzito wa kioo ili kukipandisha kusikuchoshe.

Kuna springi nyingine ambayo wengi hawaijui, imejificha ndani ya kikopo nyuma ya mkono. Hiyo ni breki. Nguvu ikitoka kwako, springi inalegea na shafti inazunguka. Nguvu ikitoka upande wa kioo, springi inajibana kwenye ukuta wa kikopo na kila kitu kinasimama. Ndiyo inayokizuia kioo kisianguke ukiachia mkono. Ukiona kioo kinajishusha chenyewe kidogo kidogo barabarani, na mkono unazunguka pamoja nacho, breki hiyo imelika, na hapo dawa ni kutafuta mashine nyingine.

Lakini mara nyingi mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye raba. Kioo kinapita ndani ya mfereji wa raba uliotandikwa kitambaa laini. Vumbi la barabara zetu lina mchanga, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo: kwenye kipimo cha Mohs, kwatzi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga ina 7, kioo kina karibu 5.5. Vumbi likijaa mferejini linachora mistari ya wima kwenye kioo, linakula kile kitambaa, na jua linamalizia kwa kuikausha raba hadi inakibana kioo pande zote mbili. Dereva anaongeza nguvu. Nguvu hiyo yote inapita kwenye vijino vyembamba vilivyo ndani ya tundu la mkono, navyo vimetengenezwa kwa metali laini au plastiki. Vinasagika.

Kinachofuata kinanisikitisha kila ninapokiona. Mkono ukishasagika, dereva anabana shafti kwa plaizi na kuzungushia hapo. Plaizi inakula meno ya shafti yenyewe, na kuanzia siku hiyo hata mkono halisi kutoka kiwandani utacheza. Wapo wanaouchomelea mkono kwenye shafti. Msikubali. Siku ukitaka kufungua paneli ya mlango utalazimika kuukata, na joto la kuchomelea linaweza kuiharibu ile breki iliyo sentimita chache tu nyuma yake.

Kuutoa mkono kwa usahihi hakuhitaji kifaa cha kununua. Kwenye Toyota za zamani mkono unashikwa na klipu ya waya yenye umbo la kiatu cha farasi, iliyojificha nyuma yake. Chukua kitambaa kikuukuu, kipitishe kati ya mkono na paneli ya mlango, kisha kivute kulia na kushoto kama anayeng'arisha viatu. Kitambaa kitaidaka klipu na kuirusha nje, kwa hiyo weka kiganja juu yake isipotee. Kabla hujautoa, kumbuka mkono ulikuwa umeelekea wapi kioo kikiwa juu kabisa. Wakati wa kurudisha, rudisha klipu kwenye mkono kwanza, kisha usukume mkono kwenye shafti mpaka ulie.

Paneli ikishatoka utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Maji ya mvua huingia mlangoni yakifuata kioo, hilo ni la kawaida, na yanatakiwa yatoke kwenye matundu yaliyo ukingo wa chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wako. Ukiitupa, paneli inavimba na sakafu inaloa. Ukiwa hapo, zibua matundu ya chini kwa waya. Yakiziba kwa tope, mlango unakuwa ndoo na kutu inaula kutoka ndani, mahali usipopaona mpaka rangi ianze kutoa malengelenge.

Kabla ya kufungua boliti za mashine, pandisha kioo juu na ukitie kabari mbili za mbao. Usikichokoe ukingoni kwa bisibisi, kwa sababu kioo cha pembeni kimepikwa kwa namna ambayo pigo dogo la ukingoni linakigeuza chote kuwa punje. Na ile springi kubwa usiiguse kabla hujafunga bamba la meno kwa boliti au jiriwa lisiweze kusogea. Nina kovu kwenye kidole cha shahada tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi: bamba lilifyatuka, meno yakapita juu ya kidole. Nawaonyesha vijana wote ninaowafundisha.

Osha mfereji wa raba kwa maji ya sabuni na brashi, uache ukauke, kisha upulizie silikoni. Raba iliyopasuka ibadilishwe. Grisi nyepesi ni ya meno, vigurudumu na reli peke yake. Oili chafu ya injini, ambayo gereji nyingi huipaka kila mahali, inakamata vumbi na kuivimbisha raba, yaani inarudisha ugonjwa uleule. Kazi ikiwa nzuri, utazungusha mkono kwa vidole viwili.

Kitasa nacho kina tabia hiyohiyo ya kulaumiwa kwa kosa la mwingine, ila hapa kinachochezewa ni maisha. Ndani ya kitasa kuna uma wa chuma unaozunguka na kukumbatia chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi. Kijino kinauzuia usirudi. Uma una hatua mbili, na tofauti yake si ndogo. Kiwango cha usalama cha Marekani namba 206, kilichoanza kutumika 1968, kinataka kitasa kilichofunga kikamilifu kihimili newtoni 11,000 kwa mwelekeo wa urefu wa gari, sawa na uzito unaozidi tani moja. Kwenye hatua ya kwanza kinatakiwa kihimili takriban 4,450 tu. Mlango unaolia mara moja, ukabaki umetokeza kidogo, una chini ya nusu ya ulinzi wake, hata kama abiria ameuegemea kwa amani.

Mlango ukikataa kufunga vizuri, fanya jaribio hili ukiwa wazi. Zungusha uma kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, kisha vuta mpini wa kufungulia wa nje, halafu rudia kwa ule wa ndani. Uma ukiachia kirahisi, kitasa ni kizima na tatizo liko kwenye bawaba. Shika mlango kwa chini, uunyanyue: ukicheza, pini za bawaba zimelika na mlango umeshuka, na kusogeza chuma cha nguzoni kutakuficha ukweli kwa muda tu. Uma ukiachia kwa mpini wa ndani lakini si wa nje, tazama fito za ndani. Zinashikwa na vibanio vya plastiki ambavyo joto la miaka thelathini limevikausha. Vibanio hivyo ni vya bei ndogo. Waya unaofungwa badala yake unalegea, na ncha yake inaweza kukichora kioo.

Uma ukigoma kuzunguka, osha kitasa kwa mafuta ya taa mpaka grisi ya zamani, iliyochanganyika na vumbi ikawa kama udongo wa mfinyanzi, itoke yote, ndipo upake mpya. Tundu la ufunguo lisitiwe grisi hata kidogo. Litie unga wa grafiti, uingize na kuutoa ufunguo mara kadhaa, uufute, urudie. Kisha sukuma mlango kwa kiganja ukiwa umbali wa shubiri mbili, usikilize. Unatakiwa ulie mara mbili.