Kupiga kafi na kulala hemani visiwani: Faida zake, na homa ya kuangaliwa

Mwambie mtu wa Eldoret kwamba likizo nzuri ni kupiga kafi baharini asubuhi kutwa, kisha kulala kwenye hema ufuoni, naye atakuuliza kama hoteli zimejaa. Hata hivyo, kama daktari nakushauri, msomaji, ulifikirie jambo hili.

Chukua mfano wa Wasini, mkabala na Shimoni, Kaunti ya Kwale. Kisiwani hakuna magari. Ng'ambo yake kuna Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, na mbele zaidi Kisite, ambako pomboo huonekana mara nyingi. Kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, haina injini wala kelele. Unakaa karibu usawa wa maji, unapiga kafi kulia, kushoto, na baada ya nusu saa mawazo ya kodi na karo yamelegea. Kazi hiyo hutumia mabega, mgongo na tumbo bila kuyatesa magoti, jambo linalowafaa walio na uzito mkubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Asubuhi mbili za kafi zatosha.

Usingizi nao hurudi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapeleka watu wanane kambini kwa wiki moja bila taa za umeme. Saa ya mwili wao ilisogea mapema kwa karibu saa mbili. Mimi sishangai. Umeshakula samaki wa kuchoma, moto umebaki makaa, nyota zimejaa, simu haina chaji. Utafanya nini kingine?

Lakini bahari ina ratiba yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hupanda zaidi, na hema lililopigwa karibu na maji jioni laweza kuamka likielea. Waulize wavuvi, na umwombe mmoja wao akuongoze. Ndani ya hifadhi, ruhusa hutolewa na KWS. Safiri asubuhi kabla upepo haujakaza, na uepuke miezi ya Juni hadi Agosti, kusi inapovuma kwa nguvu. Jaketi la kujiokolea ni lazima hata kwa mwogeleaji. Na sisi wa nyanda za juu wengi wetu si waogeleaji.

Wasini haina mito, na kwa miaka mingi wenyeji walitegemea sana maji ya mvua, kwa hiyo beba maji yako. Mwili uliozoea ubaridi wa mita 2,100 huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la pwani. Ukipata kizunguzungu, kichwa kikiuma na mkojo ukawa wa rangi ya chai, kaa kivulini. Tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo.

Kubwa zaidi ni malaria. Hapa kwetu ni nadra kuliko pwani, hivyo wengi wetu hatuna kinga ya kutosha. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa hata kama umo hemani. Muulize daktari kuhusu vidonge vya kuzuia: doksisiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelezwa kila siku hadi wiki nne baada ya kurudi, ingawa haiwafai wajawazito na watoto wadogo. Dalili huanza aghalabu siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati umesharudi ofisini na safari umeisahau. Basi ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, usinunue panadoli ukangoja. Pimwa damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari, hata asipouliza, kwamba ulilala pwani.