Piano na besi nyumbani: namna ya kutengeneza kona ya mazoezi huku Uvira

Jumapili asubuhi, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, ni shida kutembea dakika tano bila kusikia kwaya. Kinanda cha umeme, ile kitu wote huku tunaita piano tu, kinaongoza wimbo, gita la besi linajibu, ngoma inasukuma. Lakini Jumatatu piano inafunikwa kitambaa, chumba kinafungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mkubwa wa kwaya. Kijana anayejifunza anabaki na saa mbili ao tatu za kugusa chombo kwa juma zima, tena mbele ya watu, pahali ambapo kila mtu anaogopa kukosea.

Matokeo tunayajua. Kwaya nyingi ziko na mpiga piano mmoja na mpiga besi mmoja. Yule mmoja akienda kusoma Bukavu, ao vita ikimsukuma kuvuka mpaka, waimbaji wanabaki na makofi tu. Njo maana leo, wapenzi wasomaji, tunaongea juu ya kona ya mazoezi ya nyumbani. Hatusemi studio. Tunasema piano moja ndogo, besi moja, viti viwili, na mahali pa kukosea bila haya.

Kwanza kuranti

Kuranti yetu inatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi: Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili ya mwaka 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanatumia pamoja. Tabia ya kuranti nayo tunaijua: inakatika, inarudi, na siku zingine inarudi na nguvu kupita kiasi. Mara nyingi chombo hakifi wakati taa zinapozimika. Kinakufa wakati zinapowaka tena. Basi sheria ya kwanza ni hii: kuranti ikikatika, chomoa waya ukutani mara moja. Ikirudi, ngoja dakika tano, angalia taa ya nyumba kama imetulia, ndipo uchomeke. Stabilizateri inasaidia, lakini haiondoi sheria hiyo.

Kuna habari njema pia. Piano ndogo za nyumbani hazitumii volti 220 ndani yake. Chajeri yake inaishusha mpaka volti 12 kwa Yamaha nyingi, ao 9 na nusu kwa Casio nyingi. Maana yake, piano hiyo inaweza kuishi kwa betri ya sola. Tufanye hesabu. Betri ndogo ya volti 12 na amperi-saa 7 iko na wati-saa 84. Betri ya aina ile haipendi kumalizwa yote. Tumia nusu, yaani 42. Kama piano yako inakula wati 8, unapata saa tano za mazoezi. Zile zinatosha siku mbili ao tatu hata bila jua.

Lakini usiunge betri moja kwa moja. Betri iliyo kwenye chaji inaweza kufika volti 14, na hiyo ni nyingi kwa chombo cha volti 12. Weka kati yao kifaa cha kutuliza volti. Halafu soma mchoro mdogo ulio karibu na tundu la chajeri: unaonyesha kama katikati ni chanya ao hasi. Kwa Yamaha nyingi katikati ni chanya. Kwa Casio nyingi za zamani katikati ni hasi. Ukigeuza, piano inaweza kuungua papo hapo. Chajeri ya kuazima kwa jirani, hata kama inaingia vizuri kwenye tundu, isiguse piano mbele hujasoma mchoro.

Piano nyingi ndogo zinakubali pia mawe ya radio, sita kwa kawaida. Mtu asidharau njia hiyo. Hailu Mergia, Mwethiopia aliyepiga kinanda katika bendi ya Walias ya Addis Abeba, alibaki Marekani miaka ya 1980, na baadaye akawa dereva wa taksi Washington. Alipokuwa anangoja abiria kwenye kiwanja cha ndege cha Dulles, alitoa kinanda cha betri kutoka nyuma ya gari na kufanya mazoezi pale pale. Kaseti aliyorekodi mwaka 1985 ilitolewa upya mwaka 2013, na yeye akaitwa tena kupiga mbele ya watu, katika nchi nyingi. Vidole vilikuwa tayari, kwa sababu havikuacha kazi hata siku ambazo hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Besi haipendi bafle ndogo

Sasa tuingie kwenye besi. Nyuzi zake nne ni mi, la, re, sol. Mi ya chini kabisa inatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, la mara 55. Bafle ndogo ya radio haina nguvu ya kusukuma hewa polepole namna ile. Inatoa sehemu ya juu ya sauti tu, na sikio letu linajazia yenyewe ile inayokosekana. Kwa mazoezi ya polepole hiyo inatosha. Shida inaanza wakati kijana anataka kusikia besi kama ya kanisani, anafungua sauti mpaka mwisho, na karatasi ya bafle inapasuka. Radio ya baba imekufa, na besi imekatazwa ndani ya nyumba.

Ukiweza, tafuta ampli ndogo ya besi, ya wati 10 mpaka 25, yenye tundu la kaske. Ya gita la kawaida inafanya kazi pia, ila kwa sauti ya chini. Kama hakuna ampli hata moja, kuna njia ya bure: pumzisha kichwa cha besi, pale penye funguo, juu ya kabati ao meza ya mbao, na upige. Ubao unaanza kuimba. Usiku wa manane inatosha kwa mtu mmoja.

Na kusikiana wawili bila kuamsha nyumba? Angalia nyuma ya piano kama kuna tundu limeandikwa AUX IN. Ingiza besi kwenye ampli, toa sauti kwenye tundu la kaske la ampli, ipeleke kwa AUX IN. Sasa piano na besi vyote viko ndani ya kaske ya piano, na kwa kigawanyo kidogo mnavaa kaske mbili. Anzeni na sauti zote sifuri, pandisheni polepole. Na mwangalie jambo moja: ile waya ya ampli inayokwenda kwenye bafle isiguse piano hata kidogo. Nguvu yake itaivunja. Besi yenyewe, nayo, ukiichomeka moja kwa moja kwenye AUX IN inasikika dhaifu na kavu, kwa sababu sauti yake inahitaji kupandishwa kwanza na ampli.

Maji na sakafu

Sisi wa kando ya ziwa tumefundishwa na maji. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulitoka njia yake, makumi ya watu wakafa, nyumba nyingi zikaenda. Na tangu mwaka ule tumeona ziwa lenyewe likipanda mpaka ndani ya viwanja vya watu, Kalundu na kwingine. Basi piano isilale chini. Meza, ao mbao mbili zilizofungwa ukutani, ni bora kuliko kona ya sakafu. Besi itundikwe, mbali na dirisha. Waya za umeme zipite juu. Na mtu asipige besi iliyochomekwa akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Avae viatu, asimame juu ya mkeka mkavu. Kama ampli inalia na kelele inapungua ukishika nyuzi, mara nyingi ni shida ya waya ya ardhi. Fundi aangalie, na mguu wa tatu wa plagi usikatwe.

Nani anapiga chini?

Vyombo viko tayari. Hapa njo kazi yenyewe inaanza, na hapa tunaona shida kubwa kuliko ya kuranti. Mpiga piano aliyejifunza peke yake amezoea kufanya kazi yote: mkono wa kuume unapiga wimbo, wa kushoto unapiga besi. Siku mwenzake analeta besi, wawili wanapigana mahali pamoja, chini kabisa, na kwaya inasikia matope. Dawa ni rahisi kusema, ngumu kufanya: mpiga piano aweke mkono wa kushoto juu ya goti. Majuma mawili ya kwanza, sauti zote zilizo chini ni za besi peke yake. Mkono wa kushoto ukirudi, urudi katikati ya piano, si mwishoni kule chini.

Shida ya pili ni ile buto inayoitwa transpozi. Wapiga piano wengi wanajua do tu. Mwimbaji akitaka kupanda, wanabonyeza, vidole vinabaki pale pale. Lakini besi haina buto. Rafiki yako anaona unapiga do, anasikia mi bemoli, anachanganyikiwa, na watu wanasema ni yeye hajui. Nyumbani transpozi ikae sifuri. Jifunzeni do, fa na sol kwanza, halafu re na la. Itachukua miezi, lakini mtaweza kuingia kwaya yoyote.

Zoezi la kuanza: do, fa, sol, fa, mkirudia. Ni njia ambayo seben nyingi za Kongo zinapita. Kwa besi, do iko kaze ya tatu ya uzi wa la. Fa iko kaze ya kwanza ya uzi wa mi. Sol kaze ya tatu ya uzi ule ule. Tunieni kwanza besi kwa la ya piano. Washeni metronomo ya piano, polepole, 70. Dakika kumi besi peke yake, sauti moja kwa kila badiliko. Dakika kumi piano inaingia, mkono wa kuume tu. Dakika kumi za mwisho kila mtu aongeze kitu kidogo, lakini mmoja akiongeza, mwingine abaki pale pale. Kama mmepotea, simameni, rudini kwenye do. Ile ritimu iliyo ndani ya piano iacheni kwanza: inaficha makosa, nanyi mnatafuta kuyasikia.

Mtu atasema: sisi hatuna hata piano ndogo. Tumkumbushe Konono N°1 wa Kinshasa. Kundi lile liliweka umeme kwenye likembe tatu, moja ya chini, moja ya katikati na moja ya juu, kwa mikrofoni walizotengeneza wenyewe na vipande vya magari ya zamani. Sahani yao Congotronics ilitoka mwaka 2004 na ikazunguka dunia. Waligawana kazi vizuri: wa chini anajua ni wa chini, wa juu anajua ni wa juu. Vyombo vya duka vilikosekana, mpango ulikuwako.

Jambo la mwisho si la ufundi. Nyumba zetu zimebanana, na ukuta wa jirani ni ukuta wako. Mbele ya siku ya kwanza, nendeni mkamsalimie mama wa jirani, mumuulize saa ambayo watoto wake wanalala na saa ambayo yuko sokoni. Saa aliyowapa muiheshimu. Kaske ikae kwa ajili ya usiku. Na ile piano ya kanisa, tunaomba wakubwa wa kwaya wafikiri: ufunguo ukitoka mara moja tu katikati ya juma, kwa vijana wawili na mkubwa mmoja wa kuwaangalia, kwaya itakuwa na wapigaji wawili zaidi mbele mwaka haujaisha.