Bunduki Fupi na Askari Wanaotumia Mkono wa Kushoto: Mambo ya Kuzingatia Katika Tathmini

Baadhi ya majeshi duniani hutumia bunduki fupi ambazo kasha la risasi huwekwa nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako. Mpangilio huo hufupisha silaha bila kupunguza urefu wa mtutu, hivyo humfaa askari anayesafiri ndani ya gari au kupigana katika majengo.

Hata hivyo, tundu la kutolea maganda hukaa karibu na shavu la mlengaji, kwa kawaida upande wa kulia. Anayeegemeza silaha kwenye bega la kushoto anaweza kupigwa usoni na ganda lenye moto.

Nchi zimekabili tatizo hilo kwa njia tofauti. Uingereza, kwa bunduki yake ya L85, huwafunza askari wote kulenga kwa bega la kulia. Steyr AUG ya Austria na FAMAS ya Ufaransa hubadilishwa vipuri ili maganda yatokee kushoto. F2000 ya Ubelgiji huyatoa kwa mbele, na P90, pia ya Ubelgiji, huyatoa kwa chini.

Tofauti hiyo ina uzito. Silaha iliyobadilishwa kwa ajili ya askari mmoja huwa hatari kwa mwenzake anayetumia mkono wa kulia. Aidha, kona ya ukuta humlazimu askari yeyote kuhamisha bega ghafla. Kwa hiyo, tathmini makini hupima usalama wa silaha kwenye mabega yote mawili, pamoja na wepesi wa kufikia kizuizi cha usalama kwa kila mkono.