VITABU VYA KUMFAA MWENYE KAZI YA MIKONO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya mikono haina haja ya kitabu. Husema, msusi wa mikeka alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi, wala hapakuwa na karatasi hata moja kati yao. Kwa kusuka maneno hayo ni kweli. Lakini kusuka ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine. Tena ziko kazi ambazo bibi zetu hawakuzifanya kwa namna ya leo, na mtu akizianza kwa kubahatisha aweza kupoteza mtaji wake wote kwa siku moja. Mimi nalisaidia kuupoteza mtaji wa mama yangu, na kwa sababu hiyo naandika habari hizi katika gazeti letu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mama alikuwa amekopa fedha katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akataka kuanza kutengeneza sabuni za miche na kuziuza mtaani. Jirani mmoja alikuwa na kurasa chache zilizochanika kutoka kitabu cha Kiingereza. Mama hasomi Kiingereza, basi akanipa mimi nimfasirie. Nalijiona mtaalamu. Karatasi ilisema kwa kila kilo moja ya mafuta utie gramu 180 za soda kali, ile inayoitwa kostiki madukani. Nikamwambia mama hivyo, naye akapima vizuri kabisa, kilo 5 za mawese ya Kigoma, maana mawese ndiyo yaliyokuwa rahisi kwa bei. Tukapata miche 64. Ilipendeza kwa macho.

Mama aliuza miche 22 kwa shilingi 600 kila mmoja. Siku ya tatu wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakionyesha mikono yao. Ngozi ilikuwa imekauka na kuwasha, na mmoja alikuwa na malengelenge. Mama aliwarudishia fedha zao zote, shilingi 13,200, akawaomba radhi, na miche iliyosalia akaifukia nyuma ya nyumba. Fedha zile zilikuwa na kazi yake: sehemu ilikuwa sare ya mdogo wangu aliyekuwa akiingia Kidato cha Kwanza. Mama hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, je, uliisoma yote?” Sikuwa na jibu, kwa maana kurasa za mbele hazikuwapo, wala mimi sikuuliza ziko wapi.

Shule ilipofunguliwa nalimwendea mwalimu wetu wa Kemia. Alinieleza kwa dakika tano. Sabuni hupatikana mafuta yanapoungana na soda kali, na kila aina ya mafuta ina kipimo chake. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula karibu gramu 180 za soda. Kilo moja ya mawese hula karibu gramu 140 tu. Kurasa zile zilikuwa za sabuni ya nazi. Kwa hiyo katika kilo 5 za mama, karibu gramu 200 za soda hazikupata mafuta ya kuungana nayo, zikabaki ndani ya miche zikingoja ngozi za watu. Akaniambia, “Hilo si kosa la kitabu. Ni kosa la kusoma kipande cha kitabu.”

Tangu siku hiyo nalianza kutafuta vitabu vizima, na nimejifunza mambo kadha wa kadha ambayo yaweza kumsaidia mwenzangu ambaye mzazi wake anashona, anafinyanga, anasuka, anachonga au anapika sabuni.

Mahali pa kwanza ni maktaba ya mkoa. Huduma hii ni ya zamani. Sheria ya kuanzisha bodi yake ilipitishwa mwaka 1963. Wengi wetu huingia humo kusoma vitabu vya mitihani tu, kisha hutoka. Lakini rafu zimepangwa kwa tarakimu, kwa utaratibu alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na mwenye kujua tarakimu zake hana haja ya kuzunguka. Kazi za mikono kwa jumla ziko 745, nguo na ususi 746, ufinyanzi 738, useremala 684. Sabuni haiko pamoja na hizo. Iko 668, kati ya vitabu vya viwanda, na rangi za nguo ziko 667. Nalipoteza Jumamosi mbili nikitafuta sabuni kwenye 745! Hesabu za biashara ziko 657 na uendeshaji wa biashara 658. Ukikuta rafu ni tupu, usiondoke. Mwulize mkutubi, kwa kuwa huenda kitabu kimeazimwa, au kimewekwa chumba kingine. Mkutubi wetu alinitolea kitabu cha sabuni kilichokuwa kimekaa miaka mingi bila kuguswa na mtu.

Sasa, kitabu ukikipata utajuaje kuwa ni chema? Mimi kwanza natazama vipimo. Kitabu cha sabuni kinachopima soda kwa vikombe nakirudisha rafuni papo hapo, kwa sababu kikombe cha mtu huyu si kikombe cha mtu yule. Chema hupima kwa mizani, tena kina jedwali la mafuta mbalimbali, kila moja na kiasi chake cha soda. Pili natazama kama kinasema wazi kuwa soda hutiwa katika maji, wala si maji kutiwa juu ya soda, kwa maana ukifanya kinyume huchemka ghafula na kuruka usoni. Tatu natafuta sura ya makosa. Mwandishi aliyefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe hukueleza kazi inavyoharibika na namna ya kuiponya. Katika kitabu kile cha maktaba nalisoma kuwa sabuni yenye soda iliyozidi yaweza kuyeyushwa tena na kuongezwa mafuta. Nikapiga hesabu: ile miche 42 aliyoifukia mama ingepona kwa mawese yasiyofika kilo moja. Sikumwambia kwa muda wa wiki nzima.

Tena yafaa kukumbuka kuwa mwandishi wa mbali hajui jikoni kwetu. Kitabu cha Ulaya au Marekani chaweza kusema “chukua sufuria” bila neno zaidi, akiwa na nia ya sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na soda kali huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Sisi sasa twatumia ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mti ambao haurudi tena jikoni.

Vipimo vya kale navyo vina mtego wake. Ratili moja ni gramu 454 na aunsi ni gramu 28 na kidogo, hayo si shida. Lakini painti ya Kiingereza ni mililita 568 na painti ya Kimarekani ni mililita 473. Basi kabla hujapima, fungua ukurasa wa mwanzo uone kitabu kilipigwa chapa wapi, na mwaka gani.

Mwaka wa kupigwa chapa una maana nyingine pia. Mama Mdogo husuka mikoba ya ukili, akataka rangi za mimea badala ya rangi za dukani. Katika kompyuta ya shule nalipata kitabu cha mama mmoja Mwingereza, Ethel Mairet, kiitwacho Vegetable Dyes, cha mwaka 1916. Kinapatikana bure katika hazina ya Project Gutenberg, iliyoanzishwa Marekani na Michael Hart mwaka 1971, ambayo huweka vitabu ambavyo haki zake zimekwisha. Ni kitabu kizuri, lakini mambo mawili yalinisimamisha. Kwanza, kinahusu sana sufu, na ukili haushiki rangi kama sufu, kwa hiyo ilitupasa kujaribu kipande kidogo kidogo. Pili, kati ya dawa za kukamatisha rangi kinataja dikromati ya potasi. Leo yajulikana kuwa dawa hiyo ni sumu na huleta saratani. Mwaka 1916 watu waliitumia majumbani bila hofu kubwa. Tulishika shabu, ambayo nayo imo kitabuni, tukaiacha ile nyingine.

Kwa ufinyanzi, ningemshauri mtu amtafute Michael Cardew, na kitabu chake Pioneer Pottery cha mwaka 1969. Mtu huyu alikuwa Mwingereza, lakini alifanya kazi miaka mingi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na Nigeria, akafundisha wafinyanzi huko Abuja. Kwa sababu hiyo hamwambii msomaji anunue udongo dukani. Anaeleza kuutafuta, kuuchimba, kuujaribu, na kujenga tanuri. Kiingereza chake si chepesi na kemia yake ni nyingi, lakini mwanafunzi wa sayansi ataiweza akienda polepole.

Vitabu vya kuuza ni vingi kuliko vya kufanya, na kwa maoni yangu vingi ni maneno matupu ya kumtia mtu moyo. Kimoja nilichokisoma na kufaidika ni The Handmade Marketplace cha Kari Chapin, Mmarekani, cha mwaka 2010. Habari za meza ya soko, jina la biashara na picha za bidhaa zafaa hata kwetu. Habari za kodi na posta ni za kwao, ziruke. Shirika la Kazi Duniani nalo lina mfululizo wa vitabu vya mafunzo vya kuanzisha na kuimarisha biashara ndogo, ambavyo mbegu yake ilitoka Sweden katika miaka ya 1970. Navipenda kwa kuwa vina nafasi za kujaza hesabu zako mwenyewe, hivyo huwezi kujidanganya kuwa umeelewa.

Hapo kwenye hesabu ndipo kitabu kilipoibadili nyumba yetu zaidi. Mama alipokuwa akiuza mche kwa shilingi 600, aliona kuwa anapata faida kubwa. Mawese shilingi 25,000, mauzo ya miche 64 shilingi 38,400, basi faida 13,400. Nikamwomba tuandike kila kitu. Kostiki 4,500. Manukato 3,000. Karatasi za kufungia 1,500. Nauli 2,000. Jumla pamoja na mawese ikawa 36,000, na faida ikawa shilingi 2,400 tu, kwa siku mbili za kazi na wiki nne za kungoja sabuni ikauke. Mama akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, “Na mimi mwenyewe niko mstari gani?” Hakuwako mstari wowote. Tukaandika ujira wake, shilingi 5,000 kwa siku, jumla ikafika 46,000, yaani karibu shilingi 719 kwa mche. Sasa anauza kwa 800. Wateja wengine walimwacha, siwezi kuficha. Sabuni zinakwenda polepole kuliko zamani. Lakini deni la kikundi alilimaliza mwezi wa Agosti, na sare ilinunuliwa, ingawa kwa kuchelewa muhula mmoja.

Kuandika namna hiyo si uzushi wa juzi. Mwaka 1494 mtawa mmoja Mwitalia, Luca Pacioli, alipiga chapa huko Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu zao kwa vitabu vitatu: cha kuandika lo lote linalotokea siku ile, cha kulipanga, na cha kujumlisha. Mama ana daftari moja tu la kurasa 96, lakini kile cha kwanza cha Pacioli ndicho hicho. Kila jioni anaandika kabla hajala.

Neno moja la mwisho kwa wanaotaka kumwona mwalimu wa kweli pamoja na kitabu: SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, nalo hufundisha utengenezaji wa sabuni na kazi nyingine. Kwenda kule ukiwa umekwisha soma ni tofauti na kwenda mikono mitupu, maana utakuwa na maswali ya kuuliza.

Shida iliyobaki ni lugha. Karibu vitabu vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza, na wenye kazi ni mama zetu. Nimeanza kufasiri sura za kitabu cha sabuni katika daftari, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile za mbele, na mwalimu wa Kemia anazisahihisha kabla hazijafika nyumbani. Kwa upande wa rangi za ukili bado sijapata kitabu cho chote cha Kiswahili. Msomaji, mzazi au mwalimu anayekijua kimoja, tafadhali amwandikie Mhariri wa gazeti hili jina la kitabu na mwaka wake. Mama Mdogo anasubiri.