Moto wa Gesi ya Samadi Ukirukaruka, Tazama Maji Bombani

Alfajiri huko Silibwet, umande ungali juu ya majani ya chai, mama anawasha jiko la gesi ya samadi ili achemshe chai kabla ya kukamua. Moto unashika, unaruka, unafifia, kisha unaruka tena, na ndani ya bomba inasikika sauti ya maji. Mara moto unazimika. Baada ya kitambo gesi inakuja tena, lakini sasa haina moto. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa huenda mama amekwisha kutoka na ndoo yake kwenda zizini, na jiko linaendelea kumwaga gesi jikoni.

Wakulima wengi wakiona hivyo hudhani gesi imepungua, nao huongeza samadi. Kwa kawaida gesi ipo tele, ila maji yameiziba njia.

Maji hayo hutoka wapi? Gesi inapotoka katika kuba huwa imebeba mvuke. Mita moja ya ujazo ya gesi yenye joto la digrii 20 huchukua mvuke wa maji kama gramu 17. Gesi hiyo ikipita katika bomba lililopoa usiku hadi digrii 10, haiwezi kushika zaidi ya gramu 9 hivi. Zile 8 zinazobaki hugeuka matone. Tuseme nyumba yatumia mita 2 za ujazo kwa siku: kwa juma moja yatapatikana maji zaidi ya gramu 100. Ni kidogo ukiyatia kikombeni, lakini katika bomba la nusu inchi yatajaza urefu wa sentimita 80 na zaidi. Bomba likiwa limelegea na kufanya tumbo mahali fulani, maji yote hukusanyika hapo.

Kwa hiyo bomba lilazwe kwa mteremko, angalau sentimita 1 kwa kila mita, na mahali palipo chini kabisa pawekwe mtego wa maji wenye koki ya kumwagia. Mtego mzuri ni kipande cha bomba pana kilichosimamishwa wima. Gesi iingie ubavuni na kutokea juu. Upana huo una kazi yake. Mto Nyangores ukifurika huchukua mchanga, na ufikapo mahali papana penye maji ya polepole huuacha. Gesi nayo ni vivyo hivyo. Ikitoka katika bomba la nusu inchi na kuingia katika bomba la inchi 2, mwendo wake hupungua mara 16, na matone huanguka chini. Lakini mtego usiomwagwa ukajaa ni sawa na kutokuwa na mtego: gesi itayasukuma maji yale yale mpaka jikoni.

Fungua koki ya mtego mara moja kwa juma, na mara mbili wakati wa baridi ya Juni na Julai. Kwanza zima jiko, na pasiwe na sigara, taa ya moto wala kuni zinazowaka karibu. Maji yakiisha utasikia gesi ikivuma. Funga mara moja.

Sasa yatazame maji uliyoyamwaga, maana rangi yake itakueleza mengi. Yakiwa meupe, ni ule mvuke tu. Yakiwa ya kahawia na yana harufu ya samadi, basi uji wa samadi wenyewe umepanda ukaingia bombani, na kumwaga mtego peke yake hakutatosha.

Katika mtambo wa kuba, uji hushuka gesi ikijaa, na hupanda gesi ikitumiwa. Gesi ikiisha kabisa, uji wa ndani husimama sawa na ule ulio katika tangi la kutokea. Kwa sababu hiyo tundu la kumwagikia la tangi hilo ndilo linalouwekea uji mpaka. Likizibwa na mabua ya nepia au samadi iliyokauka, au maji ya mvua ya Aprili yakiingia kwa wingi kuliko yanavyoweza kutoka, uji hupanda mpaka kwenye mdomo wa bomba. Zibua tundu, na uchimbe mfereji wa kuyapitisha mvua mbali. Aliyeongeza samadi kwa kudhani gesi imekwisha ndiye anayeukaribisha uji huo bombani.

Sababu nyingine ni povu. Maziwa yaliyoharibika, unga mwingi au maji ya sabuni yakimwagwa mtamboni huweza kuumusha uji kama pombe inayochacha. Acha kulisha mtambo kwa siku chache, tumia gesi polepole, kisha urudie kiasi cha kawaida cha samadi na maji. Wafanyakazi wa viwanda vya chai wanaijua shida inayofanana na hii: boila ikijazwa maji kupita kiasi, mvuke hutoka umechanganyika na maji.

Uji ukiisha kuingia bombani, funga koki iliyo karibu na kuba, fungua bomba, ulisuuze kwa maji safi na kuyaacha yatoke yote. Matundu ya jiko uyasafishe kwa waya mwembamba. Usilipulize bomba kwa mdomo. Wala mtu asiingie katika tangi kutazama kilichoziba, hata kama liko wazi na linaonekana tupu, kwa kuwa gesi iliyobaki humo huua mtu kabla hajaweza kuita. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa.

Na moto ukizimika wenyewe, funga jiko kwanza. Fungua mlango na madirisha, usiwashe kiberiti wala swichi ya umeme, ungoje mpaka harufu iishe, ndipo uende kwenye mtego.