BAISIKELI YA GIA KWA MTU MREFU

Baisikeli iliyozoeleka katika nchi yetu ni ile nyeusi, nzito, yenye magurudumu ya inchi 28 na gia moja tu. Ni chombo imara, hubeba mkaa na mikungu ya ndizi, nami sina neno la kuitukana. Lakini sisi tuishio katika milima ya Usambara twajua kwamba mwenye chombo hicho huenda nusu ya safari kwa miguu, akikisukuma. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, nayo hupanda kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1400. Na hiyo ndiyo njia njema, ya lami. Vijia vya kwenda vijijini ni vikali zaidi. Ndiyo sababu wanafunzi wengi, na wazazi wao wakipata fedha kidogo, hutamani baisikeli ya milimani, ambayo mitaani huitwa baisikeli ya gia.

Baisikeli hiyo si ya zamani sana. Ilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, wakati vijana wa wilaya ya Marin walipochukua baisikeli kuukuu zenye matairi manene wakateremka nazo mlimani kwa mashindano. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alianza kuunda fremu zilizokusudiwa kazi hiyo hasa. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani, na mwaka 1996 mashindano yake yakaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Hayo yatosha kwa historia.

Ninalotaka kueleza ni jinsi mtu mrefu, asiye na fedha nyingi na asiyepata kuwa na baisikeli, awezavyo kuchagua ya kwanza. Katika bweni letu tuko kadha tuliopita sentimita 185, na mjomba wangu ameniahidi baisikeli moja, si mbili. Muuzaji akimwona mteja mrefu mbele ya baisikeli ndogo, aghalabu humwambia, “Tutapandisha kiti tu.” Neno hilo lisikubaliwe upesi.

Kupandisha kiti huongeza nafasi ya miguu, lakini nafasi ya kifua na mikono hubaki ile ile. Mpandaji huketi juu kama ndege kwenye waya, mgongo umekunjika, na akikata kona magoti yake hugonga usukani. Tena nguzo ya kiti ina alama iliyochorwa karibu na mwisho wake wa chini, na alama hiyo haifai kuonekana nje ya fremu. Ikionekana, chuma kilichobaki ndani ni kifupi mno. Uzito wa mtu hukikamua huku na huku mpaka nguzo inapinda, au fremu yenyewe inapasuka.

Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kuteremka. Tumejifunza darasani kwamba kitu kilicho katika mwendo hupenda kuendelea na mwendo wake. Ukibana breki ya mbele, ardhi hulizuia gurudumu, lakini mwili wako hutaka kwenda mbele bado. Kadiri kitovu cha uzito kilivyo juu, na kadiri kilivyo karibu na gurudumu la mbele, ndivyo gurudumu la nyuma linavyoinuka kwa urahisi. Sasa mtazame mtu mrefu juu ya fremu fupi iliyopandishwa kiti: yuko juu, na yuko mbele. Kuteremka hivyo kutoka Lushoto hadi Mombo ni kumpa mama yako kazi ya kuja hospitali.

Basi, kabla ya kwenda dukani, jipime. Simama bila viatu, mgongo ukutani, shika kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukikivuta juu mpaka kiguse mfupa. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Huo ndio urefu wa mguu kwa ndani, nao una maana kuliko kimo, kwa kuwa wawili wenye kimo kimoja waweza kupishana miguu. Zidisha sentimita hizo kwa 0.226, utapata kwa inchi ukubwa wa fremu wa kuanzia. Mwenye mguu wa sentimita 88 atapata karibu inchi 20. Ukubwa huo hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi mwisho wa juu wa bomba linaloshika nguzo ya kiti. Chukua futi ya fundi cherehani ukapime mwenyewe, maana herufi za kiwanda hazilingani: fremu iitwayo kubwa na kiwanda hiki yaweza kuwa ya kati kwa kingine.

Fremu za siku hizi zina bomba la juu lililoinama sana kuelekea nyuma, na kwa hizo kipimo cha inchi huweza kudanganya. Hapo angalia zaidi umbali kutoka kiti hadi usukani. Ukisimama juu ya fremu, nyayo zote mbili chini, pawe na nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati yako na bomba la juu.

Sasa magurudumu, ambayo huwachanganya hata mafundi. Baisikeli za milimani za zamani zina magurudumu ya inchi 26. Za baadaye zina 27.5 na 29. Mtu mrefu hupendeza juu ya 29, nalo huvuka mawe na mashimo vizuri zaidi. Lakini fikiri juu ya tairi litakapokwisha. Wengine hudhani kwamba tairi la 28 la baisikeli nyeusi, linalopatikana hata katika duka la kijijini, laweza kunyoshwa kidogo likaingia kwenye 29. La hasha! Namba hizo hutaja ukubwa wa nje pamoja na tairi, wala si wa rimu. Rimu ya baisikeli nyeusi ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa, na rimu ya 29 ina milimita 622, kwa hiyo ile iitwayo 28 ndiyo kubwa! Tairi moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine. Kwa mwenye fedha kidogo, akaaye mbali na mji, naona fremu kubwa yenye magurudumu ya 26 ni bora kuliko ya 29 itakayolala ukutani miezi miwili ikingoja tairi.

Kuhusu springi sitasema mengi. Baisikeli ya bei ndogo yenye springi mbele na nyuma huvutia macho, lakini ni nzito, viungo vyake hulegea, na unapopanda mlima nguvu zako huishia kuibonyeza springi. Uma wa mbele usio na springi, au wenye springi mbele tu, watosha.

Gia nazo si fahari ya kuhesabu. Gurudumu la 26 likizunguka mara moja huenda mita 2 na kidogo. Mnyororo ukiwa kwenye meno 42 mbele na 14 nyuma, kila mzunguko wa pedeli huzungusha gurudumu mara 3, yaani zaidi ya mita 6. Ukiwa kwenye 22 mbele na 28 nyuma, mzunguko huo huo hukupeleka mita 1 na sentimita 60 hivi, polepole, lakini kwa nguvu kidogo sana. Ndiyo gia utakayoipenda milimani. Hesabu meno ya duara dogo la mbele na la duara kubwa la nyuma. Hayo mawili yakifaa, yaliyo katikati hayana shida.

Wengi wetu tutanunua ya mtumba, wala si aibu, maana fremu nzuri iliyotumika yashinda mpya dhaifu. Inamisha baisikeli utazame chini ya viungo vya fremu: rangi iliyopasuka kama uzi yaweza kuwa ufa. Zungusha gurudumu la nyuma uangalie kama ekseli imepinda, jambo linalowapata sana wapandaji wazito. Mnyororo upime kwa rula yetu ya shule, upande wa inchi. Pini ikianza kwenye sifuri, pini nyingine iangukie barabara kwenye 12. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha na huenda umeyala meno pia. Gharama hiyo ipunguzwe katika bei. Breki za waya zibanazo rimu zafaa kuliko za mafuta, kwa kuwa fundi yeyote chini ya mwembe aweza kuzitengeneza. Katika kila sehemu kumi za fedha, mbili zibaki mfukoni kwa ajili ya matairi, waya na kofia ngumu.

Muuzaji akikataa baisikeli isijaribiwe, mwende kwa mwingine. Akikubali, pandisha kiti mpaka kisigino, kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, kiunyoshe mguu wote. Ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Kwa juma la kwanza usikilize magoti. Maumivu ya mbele ya goti aghalabu huonyesha kwamba kiti kiko chini mno, na ya nyuma ya goti kwamba kiko juu mno. Kisogezwe nusu sentimita kwa siku, si zaidi, na kila mara itazamwe ile alama ya nguzo.