Dakika za Kutua, Rubani Asisumbuliwe

Mamba mdogo aliyefichwa ndani ya begi la abiria ndiye anayetajwa katika ajali iliyoua watu 20 mjini Bandundu, Kongo, tarehe 25 Agosti 2010. Ndege aina ya Let L-410 ya kampuni ya Filair, iliyokuwa imeanza safari Kinshasa, ilikuwa inakaribia kutua. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mafuta yaliisha. Manusura pekee alisimulia mengine: mamba alichomoka begini, mhudumu akakimbilia mbele kwa marubani, na abiria wakamfuata kwa hofu. Ndege ikaangukia nyumba karibu na kiwanja. Mamba alitoka mzima, kisha akauawa kwa panga.

Kama ndivyo ilivyokuwa, marubani walipatwa na mambo mawili kwa mpigo. Uzito wa watu ulihamia mbele ghafla, wakati ndege iko chini na mwendo umepunguzwa, hivyo usukani una nguvu kidogo ya kuirudisha sawa. Papo hapo, kelele na msukosuko viliwajia mgongoni, wakati wanahitaji akili yao yote.

Jambo hili la pili, rubani kuvurugwa mawazo, limeua hata pasipo mnyama wala fujo. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege kubwa ya Eastern Air Lines ilikuwa ikienda kutua Miami, Marekani. Taa ndogo inayothibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Wote waliokuwa katika chumba cha marubani wakaishughulikia taa hiyo. Hakuna aliyegundua kwamba ndege ilikuwa ikishuka polepole kutoka futi 2,000, na kengele ya tahadhari ililia bila kusikilizwa. Ndege ikaanguka, na watu 101 wakafa kwa sababu ya taa iliyoungua.

Miaka miwili baadaye, ndege nyingine ya kampuni hiyo ilianguka Charlotte, na watu 72 wakafa. Marubani walikuwa wakipiga soga huku wakishuka katika ukungu. Mwaka 1981 Marekani ikapiga marufuku, kwa ndege za abiria za kibiashara, mazungumzo na kazi zisizo za lazima chini ya futi 10,000.

Ubongo hauwezi kufuatilia kwa makini mambo mawili magumu kwa pamoja; huacha moja na kurukia jingine. Rubani aliyekatizwa katikati ya ukaguzi wa kutua anaweza kurudi akiamini amemaliza hatua ambayo hakuigusa. Ndivyo baadhi ya ndege zinavyotua kwa tumbo, magurudumu yakiwa bado yamekunjwa.

Hatari hiyo ipo pia kwenye ndege ndogo. Huko Malemba-Nkulu nchini Kongo, kando ya mto Lualaba, mvua huharibu barabara ya kwenda Kamina, na ndege ndogo inaweza kuokoa maisha. Kanisa la Methodisti limetumia Cessna 206 huko Katanga ya Kaskazini kubeba wagonjwa na dawa. Ndege ya aina hiyo mara nyingi huwa na rubani mmoja tu, na abiria hukaa bega kwa bega naye. Ikienda kutua kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa, inapita mita 36 kila sekunde. Rubani akigeuka nyuma kwa sekunde tano kumjibu mtu, amesafiri mita 180 bila kuangalia kiwanja, na ameshuka takriban mita 10.

Kwa hiyo kazi ya kumlinda rubani ni ya wote. Kabla ya kuruka, mizigo ifungwe imara, na wanyama wasiingizwe kwa siri. Abiria aambiwe mapema kwamba ndege ikianza kushuka anyamaze, isipokuwa ameona hatari. Wenyeji nao wazuie watoto na mbuzi wasivuke kiwanja. Na rubani aliyekatizwa asiogope kuongeza nguvu ya injini, kupaa tena, kuzunguka, na kuanza ukaguzi wake kutoka hatua ya kwanza, hata kama ndugu wa mgonjwa wanamsubiri chini kwa haraka.